Kabla ya Kushika Drili: Taa za Usiku kwenye Mlingoti wa Kaboni



Taa ya chombo haimfaidii kitu aliyeifunga. Nahodha wa boti ya tanga haoni mwamba wala boya kwa taa yake ya rangi tatu iliyoko kileleni. Akiitazama, inamharibia tu macho yaliyokwisha kuzoea giza. Taa ile ni ya mtu mwingine. Ni ya ofisa wa zamu kwenye meli ya makontena, ya mvuvi aliye ndani ya ngalawa asiye na rada, ya nahodha anayekuja na tanga lake kutoka upande wa pili. Hao ndio wanaopaswa kujua, kwa rangi peke yake, kama unawajia, unawapa ubavu au unawaonyesha tezi.

Nimeanza na hilo makusudi. Mtu akishanunua mlingoti wa kaboni, hofu yake yote huhamia kwenye mlingoti wenyewe. Nitoboe wapi? Nitumie skrubu gani? Kutu itanila wapi? Ni maswali ya haki na nitayajibu, lakini ni maswali ya pili. La kwanza ni hili: sheria inataka yule mwingine aone nini? Fundi anayeanza na swali hilo hugundua mara nyingi kwamba tundu alilokuwa anakwenda kulitoboa halikuwa na haja.

Tuanze na sheria basi, na tuipite upesi pale ambapo kila mwanafunzi ameshaikariri. Taa nyekundu na ya kijani ni mambo ya enzi ya moshi. Uingereza iliziagiza kwa meli za mvuke mwaka 1848, pamoja na taa nyeupe mlingotini. Vyombo vya tanga viliongezwa mwaka 1858. Kanuni za kuzuia migongano tunazozifuata sasa zilipitishwa London Oktoba 1972 na kuanza kutumika tarehe 15 Julai 1977. Chombo cha tanga kilicho safarini huonyesha kijani kuliani na nyekundu kushotoni, kila moja ikifunika digrii 112.5 kutoka omo kurudi nyuma, na nyeupe tezini inayofunika digrii 135 zilizobaki. Injini ikianza kusukuma, hata kama matanga yote yako juu, chombo kimekuwa cha injini, na taa nyeupe ya kutazama mbele yenye digrii 225 lazima iwake juu ya zile za ubavuni. Vitabu huiita taa ya mlingoti. Mimi nitaiita taa ya injini, ili tusiichanganye na zile za kileleni.

Kanuni ya 25 inatoa ruhusa iliyopendwa sana na wenye boti: chombo cha tanga kilicho chini ya mita 20 kinaweza kuziunganisha rangi zote tatu katika taa moja kileleni au karibu na kilele. Taa moja, balbu moja, umeme kidogo. Lakini ruhusa hiyo ni ya tanga peke yake. Ukiwasha injini, unaizima ile ya rangi tatu na kuwasha za chini, zilizofungwa omoni na tezini, kwa sababu nyeupe ya injini inatakiwa ikae juu ya rangi, si chini yake. Boti ya matembezi inayotembea kwa injini huku rangi tatu zikiwaka kileleni na nyeupe ikiwaka katikati ya mlingoti ni kitu ambacho ofisa wa zamu hakukisoma chuoni. Atakipa maana yoyote itakayomjia, na huenda isiwe yako.

Kwa hiyo boti ya kawaida ya tanga humletea fundi taa tatu za kufunga mlingotini: ya rangi tatu na ya nanga kileleni, ambazo siku hizi hukaa kwenye kasha moja, halafu ya injini usoni mwa mlingoti, karibu na katikati. Zile za kileleni hazinisumbui. Zinakaa kwenye kofia ya mlingoti, ambako mjenzi amekwisha kuweka bamba la kufungia vifaa na njia ya kupitisha waya. Inayosumbua ni ya katikati. Ndiyo inayodai tundu mahali pasipo tundu.

Hapa ndipo sheria inapomwokoa fundi. Kanuni ya 23 inasema chombo cha injini kilicho chini ya mita 12 kinaweza, badala ya taa ya injini na ya tezini, kuonyesha nyeupe moja inayoangaza pande zote pamoja na taa za ubavuni. Hebu chukueni boti ya mita 11, urefu ambao ni wa boti nyingi za mashindano na matembezi zenye mlingoti wa kaboni. Nyeupe ya pande zote iko kileleni tayari: ndiyo taa ya nanga. Taa za ubavuni ziko omoni, kwenye kizuizi cha mabomba. Nyeupe inatakiwa iwe angalau mita 1 juu ya hizo, na kwa mlingoti wa mita 15 hilo halina mjadala. Basi swichi moja ya kuzungusha yenye nafasi tatu inamaliza kazi. Tanga: rangi tatu pekee. Injini: nyeupe ya kileleni na za ubavuni, ya tezini ikizimwa, kwa kuwa nyeupe ya juu inaonekana nyuma pia. Nanga: nyeupe ya kileleni pekee. Hakuna taa ya katikati, hakuna tundu la katikati. Wapo mafundi wanaotoboa tu kwa sababu boti ya jirani imetobolewa.

Mwenye boti ya mita 12 hadi 20 hana njia hiyo. Anatakiwa awe na taa ya injini inayoonekana maili 3 za baharini, isiyopungua mita 2.5 juu ya ukingo wa chombo. Wengine hufikiri kuiepuka kazi kwa kuipandisha hadi kileleni, na sheria haiwakatazi. Mimi siwashauri. Taa hizi zimetengenezwa kutupa mwanga karibu sambamba na maji. Kwa chombo cha injini, nguvu yake inaweza kushuka hadi asilimia 60 ya kiwango kinachotakiwa ikifika digrii 7.5 chini ya mlalo, na kupita hapo hakuna anayedaiwa chochote. Kutoka mita 18 juu, digrii 7.5 hugusa maji umbali wa takriban mita 137. Aliye ndani ya duara hilo huenda akaiona hafifu au asiione kabisa. Ishushe hadi mita 8, duara hupungua hadi kama mita 60.

Hesabu hiyohiyo inahusu taa ya rangi tatu, ingawa yenyewe imepewa nafasi zaidi. Kwa kuwa boti ya tanga hulala upande, kanuni inataka taa zake zibaki na angalau nusu ya nguvu hadi digrii 25 juu na chini ya mlalo. Ukiwa na taa mita 18 juu, digrii 25 hugusa maji umbali wa karibu mita 39. Baharini mbali na nchi hilo si neno, maana anayekuja ni meli, na ubora wa kilele ni kwamba mawimbi hayakuzibi. Lakini hebu njooni kwenye mlango wa bahari wa Zanzibar siku za giza. Wavuvi wa dagaa wametandaza taa zao juu ya maji, karabai zamani na LED za betri siku hizi, na kati yao wanapita watu kwenye mitumbwi na ngalawa wasio na taa yoyote. Mtu aliyeketi usawa wa maji hatazami angani akitafuta chombo. Taa yako ndogo iliyo juu kule, kwake ni nyota nyingine tu. Kwa hiyo nashauri hivi: karibu na pwani yetu, washa za chini hata unaposafiri kwa tanga, kanuni inaziruhusu kama inavyoruhusu ile ya juu. Ila usiziwashe zote mbili kwa pamoja.

Sasa tuushike mlingoti wenyewe.

Mlingoti wa kaboni una uzito wa karibu nusu ya ule wa alumini unaofanya kazi ileile, na hiyo ndiyo sababu ya watu kulipa gharama yake. Kilo moja kileleni, mita 18 juu ya maji, inapambana na mkuku kwa mkono wa mita 18. Nashangazwa na anayelipa fedha zote hizo kupunguza uzito, kisha akafunga juu kule bamba la chuma, kasha zito la taa na waya mnene. Taa yenyewe lazima iwe nyepesi, na waya uwe ule unaohitajika, si zaidi.

Ndani ya ukuta wa mlingoti nyuzi nyingi zimelazwa kwa urefu, kutoka juu hadi chini, na chache zimepita kwa mshazari au kuzungushwa. Kazi kubwa ya mlingoti ni kustahimili kubanwa. Nyaya za kuushikilia, henza zilizokazwa na tanga lenyewe vyote huuvuta chini kuelekea kwenye mkuku, na kwenye boti kubwa mzigo huo huhesabiwa kwa tani. Ukitoboa tundu la milimita 20, umekata nyuzi zote zilizopita katika upana huo, na mzigo wake unalazimika kuzunguka kandokando ya tundu. Kwenye bamba la alumini, msongo kwenye ukingo wa tundu la duara hufika mara tatu ya kawaida, na alumini ina tabia ya kunyooka kidogo na kuugawa mzigo. Kaboni haina tabia hiyo. Nyuzi zikiwa nyingi za upande mmoja, msongo pale ukingoni unapita hata mara tatu, na nyenzo hainyooki. Inabeba, inabeba, kisha inapasuka.

Kutokana na hayo mnaweza kujitungia wenyewe kanuni za karakana. Tundu liwe dogo kabisa kadiri waya unavyoruhusu. Likiwa refu, urefu ufuate mlingoti na ncha zake ziwe za mviringo. Pembe ya mraba kwenye kaboni ni mwanzo wa ufa. Matundu mawili yasikae kamwe kwenye kimo kimoja, moja huku na jingine kule, kwa kuwa pamoja yanaukata mlingoti kiunoni. Na kaeni mbali na mahali ambapo mizigo huingia: kwenye makapi ya henza, penye mihimili ya ubavuni, na pale waya wa mbele unaposhikilia mlingoti. Kama aliyeujenga mlingoti bado yuko kazini, mpigieni simu. Yeye ana mchoro wa tabaka. Anajua wapi ameongeza nyuzi na wapi hakuongeza.

Kutoboa kwenyewe ni kazi ya utulivu. Mlingoti uwe umelazwa chini, si fundi kuning'inia kwenye kiti akiwa na drili mkononi. Bandika utepe mahali pa kutoboa, anza na biti nyembamba ya kabidi, mwendo wa kasi na mkono mwepesi. Ukiisukuma, biti inapotokea ndani inang'oa tabaka la mwisho, na jeraha hilo hutaliona maana liko upande usiofikika. Vumbi lake jeusi si vumbi la mbao. Linawasha ngozi, halifai kuingia mapafuni, na linapitisha umeme, kwa hiyo likiingia ndani ya chaja au kompyuta huweza kusababisha shoti. Vaa barakoa ya maana, na msaidizi ashike bomba la kifyonza vumbi pembeni mwa biti. Ukimaliza, paka epoksi ukingo wote wa tundu ili maji yasinyonywe kati ya tabaka.

Hilo ni tundu la waya. La skrubu je? Jibu langu ni kwamba taa ya injini haihitaji skrubu hata moja ndani ya mlingoti.

Sababu ya kwanza ni hiyo ya nyuzi. Ya pili ni umeme wa chumvi. Kaboni ndani ya maji ya bahari hukaa upande wa metali bora, karibu na grafiti, na alumini hukaa upande wa pili kabisa. Tofauti yao inakaribia volti moja. Zikigusana na maji ya chumvi yakawepo, mmetengeneza betri, na anayeliwa ni alumini. Ubaya unazidi pale kipande cha alumini kinapokuwa kidogo na kaboni ikawa kubwa, maana ukubwa wa kaboni ndio unaoamua kasi ya kuliwa. Ribiti ndogo ya alumini kwenye mlingoti wa mita 18 ni mfano wa kutisha kuliko wote. Kwanza rangi inavimba kandokando ya ribiti, halafu unatoka unga mweupe, halafu taa inaning'inia kwa waya wake. Chuma kisichoshika kutu kinavumilia zaidi, ribiti za moneli zinavumilia vizuri, na titani haina shida. Hata hivyo metali yoyote ikae juu ya tabaka la kitambaa cha fiberglasi au washa ya plastiki, na nyuzi za skrubu zipakwe dawa nzito ya kuzuia kutu. Ni uvumilivu, si suluhisho. Gundi ni suluhisho.

Hebu niwaonyeshe kazi moja kwa karibu. Unatengeneza kikalio cha fiberglasi ngumu ya epoksi, milimita 60 kwa 80, mgongo wake ukichongwa ufuate mviringo wa uso wa mlingoti. Kwenye kikalio hicho, kabla hakijagusa mlingoti, unakata matundu mawili yenye nyuzi za skrubu. Taa itafungwa humo, na siku ikiharibika itafunguliwa bila kikalio kuguswa. Kisha unakwangua rangi ya mlingoti kwa msasa namba 80 mahali pa kubandika. Hapa mikono iwe na akili: gundi ikikamata rangi, imekamata rangi tu. Endelea hadi mng'ao uishe kote na maji ya kusugulia yaanze kuwa meusi kidogo, halafu simama, maana baada ya hapo unakula nyuzi. Futa kwa asetoni na kitambaa safi, geuza kitambaa, futa tena. Paka gundi ya epoksi iliyokolezwa pande zote mbili, laza kipande chembamba cha kitambaa cha fiberglasi katikati, bandika. Usikibane hadi gundi yote itoke. Kile kitambaa kipo ili kuilinda gundi ibaki na unene, na vilevile kutenga kaboni na chochote cha metali. Fungia kwa utepe hadi kesho yake.

Nguvu ya kazi hiyo inatosha na kusaza. Eneo ni milimita za mraba 4,800. Gundi ya kawaida ya kazi hii ikibeba niutoni 10 kwa kila milimita ya mraba, ambacho ni kiwango cha chini, unazungumzia niutoni 48,000, karibu tani 5, kwa ajili ya taa isiyofika nusu kilo. Adui yake si uzito bali kubanduliwa. Tanga la mbele linapogeuzwa hupita likisugua uso wa mlingoti, na henza inayopigwa na upepo hunasa popote penye kichwa. Kwa hiyo kingo za kikalio zichongwe ziteremke taratibu, na taa ya injini ipate kinga ya waya au ya plastiki inayoliteleza tanga. Taa ifungwe pia kwa uzi imara, isije ikamwangukia mtu kichwani.

Jambo moja halisemwi sana kwenye vijitabu vya maelekezo, ambavyo vingi vimeandikiwa nchi za baridi. Epoksi iliyoganda kwa joto la kawaida, bila kupashwa, huanza kulainika joto likifika digrii 50 au 60 hivi. Mlingoti wa kaboni usiopakwa rangi ni mweusi. Uwekeni kwenye jua la Februari la Tanga au Mombasa, halafu saa nane mchana uwekeeni mkono. Kama hamwezi kuuacha mkono pale, gundi nayo iko mashakani. Pakeni rangi nyeupe mahali pale, kikalio na uso wa mlingoti unaokizunguka. Rangi hiyohiyo huilinda epoksi dhidi ya miale ya jua, ambayo huichakaza ikiachwa uchi. Na kumbukeni kwamba joto letu hufupisha muda wa kufanyia kazi gundi kabla haijaganda. Changanyeni kidogo, mapema asubuhi.

Waya sasa. Balbu ya zamani ya wati 25 ilikula zaidi ya ampia 2 kwa volti 12. Kutoka kwenye swichi hadi kilele cha mita 18 tuseme ni mita 25, kwenda na kurudi 50. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 ungepoteza volti 1.2 njiani, na balbu ya aina ile ikikosa asilimia 10 ya volti hupoteza karibu theluthi ya mwanga wake. Ndiyo maana zamani tulivuta waya mnene. LED ya wati 3 hula robo ya ampia, na kwa waya uleule hupoteza takriban volti 0.14. Kwenye usiku wetu wa saa 12, balbu ilimaliza saa-ampia 25 za betri. LED inamaliza 3. Waya mwembamba unataka tundu dogo, na tundu dogo ndilo tulilokuwa tunalitafuta.

Lakini msidanganyike mkabadilisha balbu tu ndani ya kasha la zamani. Kasha na balbu vilipimwa pamoja. Uzi wa balbu ulikuwa mwembamba na ulikaa katikati barabara, ndiyo maana mpaka wa nyekundu na kijani ulikuwa mkali. LED yenye chembe nyingi zilizotapakaa huuchafua mpaka huo, na nyeupe yake ya kibuluu hubadilisha rangi inayopita kwenye vioo.

Ndani ya mlingoti waya upite kwenye bomba la plastiki, ambalo wajenzi wengi huliweka tangu mwanzo. Kama lipo, ni rahisi: funga uzi mwembamba kwenye kipande cha sponji, kiweke upande mmoja, nyonya kwa kifyonza vumbi upande wa pili. Kama halipo, funga kwenye waya vifungio vitatu vya plastiki kila baada ya mita moja, mikia isikatwe na ielekee pande tatu. Itausimamisha waya mbali na ukuta na utalala usiku bila kusikia tap-tap-tap. Waya wa mita 18 usining'inie kwa uzito wake wenyewe, ushikizwe juu. Mahali unapotoka usikwaruze ukingo. Kaboni inapitisha umeme, ila nyuzi zake zina ukinzani wa takriban mara elfu moja ya shaba, kwa hiyo waya uliochubuka unaweza kuvujisha umeme mlingotini kwa miezi bila kukata fyuzi, huku metali zote zilizo karibu zikiliwa. Kwa sababu hiyohiyo ya ukinzani, radi ikipiga, mlingoti wa kaboni hupata joto na tabaka zake huweza kuachana. Ulizeni wajenzi kuhusu waya wa kuongoza radi mkiwa bado mnauagiza mlingoti.

Kuna milingoti ambayo ushauri wangu wote wa kileleni haufai: ile inayozunguka, kama ya MOD70, boti za mbio zenye viwiliwili vitatu. Mlingoti ukigeuka kufuata upepo, rangi tatu za kileleni nazo zinageuka, na chombo kinaiambia dunia kwamba kinaelekea mahali kisikoelekea. Kwa hao, taa za rangi zibaki chini, kwenye kiwiliwili.

Na hata mlingoti usiozunguka, taa inaweza kuwa imepinda. Kanuni inataka kila rangi ya ubavuni, kwa upande wa mbele, ikatike kati ya digrii 1 na 3 nje ya mpaka wake. Tumieni jioni moja kuikagua. Simameni mita 50 mbele ya omo, katikati kabisa: mtaona nyekundu na kijani pamoja. Sogeeni kushoto kwenu polepole. Kufikia mita 2.6, ambazo kwa umbali huo ni digrii 3, lazima rangi moja iwe imekwisha kufa. Rudini katikati, fanyeni hivyo upande wa pili. Kama upande mmoja inakufa mapema na mwingine inachelewa, kasha limefungwa upande, na anayepaswa kulirekebisha ni aliyelifunga, si ofisa wa zamu atakayelisoma vibaya.

La mwisho ni redio. LED haipokei volti 12 moja kwa moja. Kwenye taa nyingi kuna saketi ndogo inayouwasha na kuuzima umeme kwa kasi kubwa, na saketi mbovu hutoa kelele za redio. Kileleni taa hiyo imekaa sentimita chache kutoka antena ya VHF na ya AIS. Agosti 2018 Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa tahadhari juu ya jambo hili, pamoja na kipimo ambacho mtu yeyote anaweza kukifanya. Zima taa. Weka redio kwenye chaneli isiyo na mazungumzo, fungua kitufe cha kuzuia mikwaruzo hadi usikie mvumo, kisha kirudishe taratibu mpaka mvumo unyamaze tu. Washa taa. Mvumo ukirudi, taa inameza sauti za mbali kabla hazijakufikia. Fanyeni kipimo hicho mlingoti ukiwa bado umelala juu ya magogo, antena ikiwa mahali pake, risiti ikiwa mfukoni, maana duka litabadilisha taa ambayo haijapanda juu, lakini hakuna duka litakalolipia kreni.